Ngoma, Simu na Sikio
Somo kwa wapigaji wa ngoma, walimu wa kwaya na wazee wa sharika



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja habari za kujifunza kupiga ngoma, na jinsi mafundisho ya intaneti yalivyoibadili kazi hiyo katika sharika zetu za Mbeya na Iringa. Labda msomaji mmoja atasema: Hili ni jambo la vijana, wala halinihusu. Na asubiri kidogo. Ikiwa kila Jumapili sauti ya ngoma husikika kabla ya sauti ya mhubiri, basi yeyote ampaye mpigaji mafundisho yake anaigusa ibada ya watu wote.

Katika sharika nyingi husikika maswali mawili. Wazee huuliza: Nani amewafundisha vijana hawa kupiga namna hii? Nao vijana huwajibu kwa swali: Nani angalitufundisha, kama si simu? Maswali yote mawili ni ya haki. Tukilitazama moja tu na kuliacha la pili, tutaishia katika ugomvi, na dramu zitafungiwa ghalani. Basi na tuyatazame yote mawili kwa utaratibu.

I. Jinsi ngoma ilivyofundishwa zamani

Mtoto wa zamani hakufundishwa ngoma peke yake chumbani. Aliisikia kwanza akiwa mgongoni mwa mama yake. Alipoweza kusimama alipiga makofi pamoja na wenziwe. Alipokua kidogo alipewa ngoma ndogo, yenye pigo moja lisilobadilika, akaambiwa: Shika hili, usiliache. Pigo lenyewe alilikariri kwa mdomo, kwa silabi zilizofuata mlio wa ngozi, kabla ya mkono kulitenda. Miaka ikapita kabla hajaruhusiwa kuigusa ngoma kubwa.

Utaratibu huo ulikuwa na maana. Katika ngoma nyingi za nchi zetu, ngoma moja haisemi neno zima. Ya kwanza hushika mwendo. Ya pili hujaza nafasi iliyoachwa na ya kwanza. Ya tatu husemezana na wachezaji. Ukiisikiliza mojawapo peke yake, utadhani mpigaji amepotea. Uzisikilize zote pamoja, ndipo neno linapotokea. Kwa hiyo mwanafunzi alijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kuutumia mkono wake, na kuusikiliza mkono wa mwenziwe. La pili ndilo lililokuwa gumu.

Tena hakukosa wa kumsahihisha. Akiyumba, miguu ya wachezaji iliyumba pamoja naye. Akiharakisha, waimbaji walikosa pumzi. Hakuhitaji kuambiwa kwa maneno, maana uwanja wote ulimwambia. Wala kazi hii haikuwa ya wanaume peke yao mahali pote. Jirani zetu wa kaskazini, Wagogo, wana ngoma ya muheme, ambayo wanawake ndio wapigaji wake, wakiibana ngoma kati ya mapaja. Hili na tulikumbuke tutakapofika katika habari za wasichana wetu.

II. Kiti kilichoachwa tupu

Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walifika katika nchi ya Konde, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Baadaye kazi ya Berlin ilienea Ukinga, Ubena na Uhehe. Pamoja na Injili na shule zikaja tuni za Ulaya. Na Wakristo wa kwanza aghalabu walikatazwa kwenda ngomani.

Sababu za katazo hilo zafahamika. Ngoma ilifungamana na pombe, na matambiko, na mambo ya usiku ambayo waalimu wale hawakuweza kuyatenga na ngozi na mti. Katika Unyakyusa ngoma ilipigwa mazishini, na wanaume walicheza kwa mikuki. Godfrey Wilson aliyaeleza hayo katika maandiko yake ya mwaka 1939. Mgeni aliyeyaona mambo hayo mbele ya maiti hakuona muziki; aliona upagani. Hatuna haja ya kuwahukumu leo. Lakini imetupasa kuyahesabu matokeo yake: mtoto wa nyumba ya Kikristo alikua mbali na uwanja, na ule mnyororo wa kufundishana, kutoka ngoma ndogo mpaka ngoma kubwa, ulikatika katika nyumba nyingi.

Walikuwapo walioona hasara hiyo mapema. Traugott Bachmann, mmisionari wa Kimoravian kule Mbozi, aliwaacha Wanyiha wamsifu Mungu kwa tuni zao wenyewe. Katika miaka ya 1930 Ferdinand Rietzsch, wa misioni hiyo hiyo, aliuchunguza kwa bidii muziki wa watu wa huku kusini. Baadaye Howard Olson, mwalimu wa Makumira, alikusanya nyimbo zenye tuni za makabila yetu katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu. Kwa kazi za namna hiyo wimbo ulirudi kanisani. Lakini kitabu chaweza kurudisha tuni tu. Hakiwezi kuurudisha mkono wa mpigaji. Noti za sauti ziliandikwa. Mapigo ya ngoma hayakuandikwa, au yaliandikwa machache sana.

Kisha zikaja dramu, yaani ule mkusanyo wa ngoma na matoazi unaopigwa na mtu mmoja aliyeketi. Chombo hiki chenyewe ni kipya duniani. Kilipata nguvu baada ya mwaka 1909, William Ludwig wa Chicago alipotengeneza pedali nzuri ya mguu, hata mtu mmoja akaweza kuipiga besi kwa mguu huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Sharika zetu, zilipoanza kupata umeme, vinanda na magitaa, zilinunua dramu pia. Walichanga waumini, kwaya ikaimba kwa furaha, chombo kikaletwa kwa gari kutoka mjini. Walakini ni sharika chache zilizouliza kabla ya kununua: Nani atafundisha? Wapigaji wa tarumbeta walikuwa na waalimu wao na noti zao, na hata leo bendi za tarumbeta husikika vema Rungwe na kwingineko. Mpigaji wa dramu hakuwa na mtu. Zipo shule, kama Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Lakini kijana wa Makete au Mufindi hawezi kusafiri siku nzima au zaidi kila mara atakapo somo.

Basi simu ilipokuja haikumwondoa mwalimu kitini. Ilikuta kiti kitupu, ikakaa. Hili ndilo jibu la swali la vijana, na wazee yafaa walikubali.

III. Mema yaliyoletwa na intaneti

Mwaka 2005 ulianzishwa mtandao wa YouTube. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Kisha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukapita Iringa na Mbeya ukielekea mipaka ya Tunduma na Kasumulu. Simu zenye kioo cha picha zikashuka bei. Kwa hatua hizo, kijana wa mlimani akaweza kumtazama mwalimu aliye Kanada au Afrika Kusini, mikono yake na miguu yake, kana kwamba amesimama mbele yake. Shule kama Drumeo ya Kanada hutoa masomo mengi bila malipo. Tuyataje mema manne.

La kwanza, mwalimu wa kwenye simu hachoki. Huweza kurudia pigo lile lile mara mia, wala hakasiriki. Tena mwendo wake waweza kupunguzwa mpaka nusu, au hata robo, ili macho yaone mkono upi ulitangulia. Hakuna mzee awezaye kupiga ngoma yake kwa robo ya mwendo pasipo kuipoteza.

La pili, hufundisha utaratibu wa mikono. Watu wa Marekani waliyapanga mapigo ya msingi tangu zamani. Mwaka 1933 wapigaji wao walikubaliana juu ya mapigo 13 ya lazima, na mwaka 1984 orodha ikafika 40. Moja lao ni hili: kulia, kushoto, kulia, kulia, kisha kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Linaonekana dogo, lakini huufanya mkono wa kushoto uwe na akili kama wa kulia. Vijana wengi waliojifunza kwa kuona tu dirishani mwa kanisa hawakulijua kamwe.

La tatu, limefungua mlango kwa wasichana. Msichana aliyeogopa kukaa na kundi la wavulana mpaka jioni, au aliyeambiwa kuwa dramu ni kazi ya kiume, sasa huweza kujifunza nyumbani kwa mama yake kwa vijiti viwili na kipande cha mpira. Na akiambiwa kwamba mwanamke hapigi ngoma, na awajibu kwa habari za muheme.

La nne, wanafunzi wenyewe hufundishana. Mpigaji wa Mbeya mjini hujipiga picha akifanya zoezi, akaituma kwa kikundi cha WhatsApp. Mwenziwe wa Kyela au Ilula huitazama usiku, naye hurudisha ya kwake. Kazi ya namna hii haikuwezekana kwa baba zetu.

IV. Mambo yasiyopita katika simu

Sasa tulijibu swali la wazee. Kwa nini basi baadhi ya vijana waliojifunza kwa simu hupiga kwa ustadi wa mikono, lakini watu hawawezi kuimba pamoja nao? Si kiburi tu, kama wengine wasemavyo. Zipo sababu ambazo mtu aweza kuzichunguza.

Sababu ya kwanza ni sauti ya chini. Ngoma ya besi hutoa mitetemo kama 50 mpaka 100 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu ni dhaifu sana chini ya mitetemo kama 300. Kwa hiyo mwanafunzi anayesikiliza kwa simu tupu husikia matoazi na ngoma ndogo yenye mlio mkali, lakini besi, iliyo msingi wa nyumba, haisikii ila kwa shida. Ndipo atakapokaa kwenye dramu atakuza alichokisikia, yaani makali yote, na msingi atausahau. Dawa yake ni nyepesi: asikilize kwa visikilizio vya masikioni vilivyo vizuri kiasi, au kwa spika ya kwaya.

Sababu ya pili ni ukubwa wa sauti. Katika masomo yale sauti imekwisha kusawazishwa na fundi. Mwalimu aweza kupiga kwa nguvu zake zote, na bado sauti ya mwimbaji ikasikika juu yake, maana fundi ameishusha ngoma. Kijana hulitazama pigo lile, akaliiga kwa nguvu zile zile chini ya bati la kanisa, mahali pasipo fundi. Hapo sauti ya akina mama hufunikwa kabisa. Tena kuna hatari kwa mwili. Wataalamu wa afya za wafanyakazi huko Marekani wameweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua nusu, hata kwa desibeli 100 muda ulio salama ni dakika 15 tu. Dramu zikipigwa kwa nguvu katika nyumba ndogo huweza kufika hapo na kupita. Sikio likiharibika kwa kelele halirudi.

Sababu ya tatu, mwalimu wa kwenye simu hamwoni mwanafunzi wake. Mwanafunzi humwona mwalimu, lakini mwalimu haoni kwamba kijana amekaza kifundo cha mkono, au ameinua bega, au mguu wake wachelewa. Kosa likirudiwa miezi sita huwa tabia, na kuiondoa tabia ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya.

Sababu ya nne, simu haichezi na mtu. Picha iliyorekodiwa huendelea hata mwanafunzi akianguka; haimsubiri, wala haimfuati, wala haikosi pumzi. Nayo mazungumzo ya moja kwa moja hayatoshi, maana sauti huchelewa njiani. Kucheleweshwa hata sehemu moja ya ishirini ya sekunde hutosha kuwavuta wapigaji wawili wasiende pamoja. Mfano wake tunao makanisani mwetu: sauti hewani husafiri kama meta 340 kwa sekunde, basi kwaya iliyo meta 17 mbali na dramu huipokea kwa kuchelewa kiasi kicho hicho. Kwa hiyo, enyi wazee, msimweke mpigaji kwenye kona ya mwisho, kisha mkamlaumu kwamba haendi na kwaya. Mwekeni karibu na waimbaji, mahali atakapoona vinywa vyao.

Sababu ya tano ndiyo kubwa kuliko zote. Masomo mengi ya intaneti huhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Hesabu hiyo ni njema kwa nyimbo zilizotungwa hivyo. Lakini nyimbo nyingi za kwetu huenda kwa mapigo madogo 12, ambayo mguu wa mchezaji huyagawa mara nne kwa matatu matatu, huku makofi yakiyagawa mara sita kwa mawili mawili. Na uzuri wa wimbo umo katika kukutana kwa migawo hiyo. Kijana asiyefundishwa hilo huukamata wimbo wa bibi yake, akaulazimisha uingie katika nne. Wimbo huingia, lakini huingia umevunjika mguu. Bibi naye hunyamaza kuimba, wala hajui kusema kwa nini.

Ukitaka kujaribu ujuzi wako, fanya hivi. Hesabu polepole moja mpaka sita, bila kukoma. Mkono wa kulia upige mezani penye moja na nne. Mkono wa kushoto upige penye moja, tatu na tano. Ukiweza kufanya hivyo kwa dakika mbili huku ukiimba, umeingia mlangoni mwa ngoma za baba zako.

V. Njia ya kujifunza itufaayo

Basi tufanyeje? Tusiifukuze simu, wala tusiiachie kiti chote. Simu na ifundishe mkono. Kusanyiko na lifundishe sikio. Twatoa shauri hili kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

1. Anza bila dramu. Pigilia kipande cha mpira wa ndani wa tairi juu ya ubao, ukikazie vema, uweke magotini. Hakina makelele, wala hakimwamshi mtoto wa jirani.

2. Chagua mwalimu mmoja wa kwenye simu, ukae naye miezi mitatu. Anayeruka kutoka mwalimu hata mwalimu kila usiku hujifunza mianzo mingi wala hamalizi kitu. Ukipata intaneti ya ofisini au ya chuo, pakua masomo ya mwezi mzima, ili usimalize bando kwa kutazama.

3. Tumia kipimo cha mwendo. Kama huna programu ya kupimia mapigo katika simu, funga jiwe dogo kwenye uzi, ulitundike, ulisukume kidogo. Uzi wa meta moja, ukipimwa mpaka katikati ya jiwe, huenda upande mmoja kwa sekunde moja, yaani mapigo 60 kwa dakika. Uzi wa sentimeta 56 hutoa mapigo 80. Wa sentimeta 25 hutoa 120. Jiwe halihitaji umeme wala bando, nalo halimwonei mtu haya kwa kuharakisha.

4. Kila juma jirekodi dakika mbili kwa simu yako, kisha usikilize kesho yake, si siku ile ile. Leo wasikia ulichokusudia. Kesho utasikia ulichopiga. Mpelekee rekodi hiyo mtu mmoja anayejua, akuambie kosa moja tu.

5. Kabla hujaruhusiwa kupiga katika ibada, imba na kwaya mwezi mmoja bila kupiga kitu. Jua mahali wanapovuta pumzi, na neno gani hubeba uzito. Mpigaji asiyejua maneno ya wimbo ni kama dereva asiyejua njia ila gari tu.

6. Ujifunze kupiga kwa sauti ndogo kabla ya kupiga kwa sauti kubwa. Kila mtu aweza kuipiga ngoma kwa nguvu. Kuipiga polepole bila kuchelewa ndiyo kazi.

Na ninyi walimu wa kwaya, msimwachie mpigaji ajitafutie mwenyewe. Mwambieni kabla ya mazoezi wimbo upi, mwendo upi, na wapi anyamaze. Katika kitabu cha Mambo ya Nyakati cha Kwanza, sura ya 25, twasoma habari za waimbaji 288 waliozoezwa kwa kazi ya nyumba ya Bwana, pamoja na vinubi na matoazi. Zamu zao zilipangwa kwa kura, wala haikuwako kura ya waalimu mbali na kura ya wanafunzi. Wote waliingia pamoja. Mwanafunzi aliyesimama zamu moja na mwalimu wake hupata kitu ambacho hakiwezi kutumwa.

VI. Wazee wangali hai

Limebaki neno moja, nalo ni la haraka. Katika vijiji vya Rungwe, Mbozi, Kilolo na Mufindi wako wazee wajuao majina ya ngoma, mapigo yake, na wakati wake. Baadhi yao ni waumini wetu waliouacha uwanja ujanani kwa ajili ya imani, wala hawakuulizwa tena. Wengine si wa kanisa letu. Mnyororo ulikatika mara moja kwa katazo. Ukikatika mara ya pili kwa uvivu wetu, hatutakuwa na mmisionari wa kumlaumu.

Simu ile ile iletayo masomo ya Kanada yaweza kuyahifadhi ya nyumbani. Kijana na amwendee mzee kwa heshima, akiwa na zawadi ya kawaida ya mgeni, amwombe ruhusa kabla ya kuwasha chombo. Amrekodi kwanza akizipiga ngoma zote pamoja na wenziwe. Kisha kila ngoma peke yake. Kisha aombe silabi za mdomoni ambazo mzee alifundishwa nazo. Aulize ngoma hii yaitwaje, hupigwa lini, na nani huicheza. Mzee akisema, Hii si ya kupigwa kanisani, au, Hii haionyeshwi watu, basi neno lake lifuatwe. Nakala moja ibaki kwa jamaa ya mzee, ya pili ofisini kwa usharika, ya tatu kwa mwalimu wa kwaya. Simu huanguka majini, tena huibwa. Nakala moja si hifadhi.

Kazi hiyo ikifanyika katika sharika kumi tu, watoto wetu watafungua simu zao na kumkuta mwalimu ambaye ni babu wa kijiji cha jirani. Naye, tofauti na yule wa mbali, wataweza kumwendea kwa miguu siku ya pili na kumwambia: Babu, tafadhali, nitazame mkono wangu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika usharika wetu, nani alimfundisha mpigaji wetu wa sasa? Tumewahi kumwuliza, au kumshukuru?

2. Ni wimbo gani wa kwetu ambao watu wameacha kuuimba tangu dramu zilipokuja? Tuuimbe leo kwa makofi tu, tuone mwendo wake.

3. Dramu zetu zimewekwa umbali gani na kwaya? Tupime kwa hatua.

4. Je, yuko msichana katika usharika wetu apendaye kujifunza? Ni nini kinachomzuia?

5. Tutaje majina ya wazee watatu wajuao ngoma za hapa. Nani atawaendea, na siku gani? Siku hiyo iandikwe kabla kikundi hakijaachana.